Yule Dada wa Ofisini

Ofisi yangu ni meza moja. Iko ndani kabisa ya duka la masanduku ya safari huko Deira, nyuma ya yale makubwa yenye magurudumu, na mteja akitaka kunifikia lazima apite upande upande kama anayepita kwenye mlango wa basi uliojaa watu. Mwenye duka ni mzee wa Kihindi, mpole, aliyenikodisha kona hiyo kwa sababu haimfai kwa lolote. Kwenye kadi zangu za biashara, hata hivyo, niliandika "Ofisi Kuu". Hakuna ofisi nyingine.

Kazi yangu ni kukusanya mizigo ya watu wetu wanaofanya kazi hapa Dubai: wasichana wa kazi za ndani, walinzi, wapishi, mafundi wa ujenzi. Wananipa katoni na mapipa, mimi nayapeleka kwa wakala mkubwa mwenye makontena, nayo yanakwenda Dar, Unguja na Mombasa. Ni kazi inayonifaa. Mimi si mtu wa kukaa. Nilimaliza kidato cha nne Tanga na hata cheti sikusubiri nikaondoka. Nilipokuwa natandika vitanda hotelini Mombasa nilikuwa naililia Tanga. Nilipokuwa nalea watoto wa watu Maskati nilikuwa naililia Mombasa. Hapa nazililia zote kwa zamu. Kufunga mizigo ya watu wanaorudi ni namna yangu ya kwenda nyumbani bila kwenda.

Kilichokuwa kinanimaliza ni simu. Mteja wangu anaandika pale anapopata nafasi, yaani madam anapolala mchana, au zamu ya lango inapobadilika, au kabla ya alfajiri. Anauliza bei ya pipa. Nisipomjibu upesi anakwenda kwa mwingine. Kuajiri mtu ilikuwa ndoto. Viza peke yake ingekula faida yote, sijataja mahali pa kulala.

Yuko fundi simu mmoja Al Muraqqabat, Mkenya, ambaye hupenda kuniuzia mambo mapya. Ndiye aliyenionyesha programu ya kujibu ujumbe, msaidizi wa ndani ya simu.

"Madam, hii kitu ni rahisi," aliniambia. "Unaifunza vile wewe unaongea, inaongea vivyo hivyo. Na haikuli, hailali, haiitishi off."

"Kiswahili inakijua?"

"Kuliko mimi."

"Hiyo si sifa," nikamwambia, akacheka.

Fundi aliipa namba ya ujumbe tu, isiyopokea simu, tukakaa kibandani kwake mchana mzima nikiifundisha. Nilimsomea sentensi zangu naye akaziingiza. Karibu sana, mpendwa mteja wetu. Vyombo funga kwa magazeti. Mzigo utafika, inshallah. Kisha tukafika kwenye kutangulia. Katika biashara yetu, neno hilo tunalitumia kila siku. Mtu anapanda ndege, anatangulia. Mapipa yake yanakwenda kwa meli, yanamfuata. Mteja anayemsindikiza ndugu yake huuliza, "Dada yangu ametangulia, vitu vyake vipi?" Kwa swali hilo nilikuwa na jibu nililolipenda mno, kwa sababu lilimtuliza mteja na papo hapo likamvuta alete mzigo wake mwenyewe. Nililitamka polepole ili fundi asikosee: "Akishatangulia hakuna wasiwasi, mzigo utamfuata huko huko aliko. Nawe ukikaribia kumfuata, tujulishe mapema tukuwekee nafasi."

"Hiyo ni tamu," alisema fundi. Kisha akauliza, "Nayo ijiite nani? Iseme ni mashine?"

"Isiseme kitu."

"Wakiuliza?"

"Nani atauliza?"

Kweli hakuna aliyeuliza. Walidhani wenyewe. Baada ya wiki chache wateja walianza kuniambia, "Yule dada wako wa ofisini ana adabu," na mimi nikajibu ahsante. Mpishi mmoja aliniuliza kama dada ameolewa. Siku moja mtandao ulikatika na watu wakakosa majibu, nikajisikia nikisema, tena kwa sauti ya huruma, "Leo anaumwa kidogo." Sikuona aibu yoyote. Niliona fahari, kama mtu aliyefika mahali pa kuwa na mfanyakazi wa kuumwa.

Mtu ninayetaka kumwandika hapa ni msichana wa kazi za ndani, wa makamo ya miaka thelathini hivi, aliyekuja kwangu siku yake ya mapumziko akisukuma kiti cha magurudumu. Alikinunua kwa mtu, kimeshatumika lakini kizima. Alikisukuma kutoka kituo cha metro hadi dukani, na juu yake alikuwa amekalisha furushi la mashuka na nepi za watu wazima, akalifunga mkanda kabisa.

"Mpisheni mama apite," alisema akiingia kati ya masanduku, na hata mzee wa Kihindi asiyejua Kiswahili alisogea.

Mama yake alikuwa amepata kiharusi. Upande mmoja haukuwa unafanya kazi, na alikuwa akishinda kwenye godoro mlangoni ili aone watu wakipita. Hamu yake ilikuwa aweze kutolewa hadi barabarani. Nilipomuuliza kwao wapi akasema Muheza. Mimi Tanga mjini. Basi hapo tukawa ndugu; tukazungumza machungwa, tukazungumza mvua, tukacheka mambo ambayo ukimweleza mtu wa kwingine haoni kichekesho.

"Nikiwa na swali nikuandikie, dada?"

"Niandikie wakati wowote, mdogo wangu."

"Utanijibu wewe?"

"Mimi au dada wa ofisini. Sote wamoja."

Nilisema hivyo nikimshika mkono.

Siku habari ilipofika mimi nilikuwa Dubai Marina. Nilikwenda kuchukua mapipa ya walinzi wawili wa jengo moja, na wao walichelewa kutoka zamu. Zamani ningekaa kwenye kivuli nikijibu simu hadi vidole viume. Sasa nilinunua chai ya karak, nikakaa nikitazama maji na yale majengo marefu, nikaanza kuzurura kichwani kama kawaida yangu. Nilikumbuka roshani ya hoteli Mombasa tulikokuwa tukianika mashuka. Nilikumbuka mlango mmoja wa buluu Maskati, bila sababu. Simu ilitetemeka mara kadhaa mfukoni nami nikaiacha, kwa raha, kwa sababu nilijua inajijibu.

Aliyenizindua ni fundi. Alipiga mara tatu ndipo nikapokea.

"Madam, hiyo kitu yako imesema nini kwa watu? Angalia group. Angalia sasa hivi."

Nikafungua kikundi chetu cha Wasap, kile cha watu wa Afrika Mashariki. Kulikuwa na picha ya mazungumzo. Nilianza kuyasoma kabla sijatambua kwamba ni ya kwangu. Juu alikuwa ameandika msichana wa Muheza:

"Dada, mama yangu ametangulia leo alfajiri. Kile kiti kisiende tena."

Na chini yake:

"Asante kwa taarifa, mpendwa mteja wetu! Mama akishatangulia hakuna wasiwasi, kiti kitamfuata huko huko aliko. Nawe ukikaribia kumfuata, tujulishe mapema tukuwekee nafasi. Inshallah."

Mtoto mdogo wa kwetu, akisikia mama wa mtu ametangulia leo alfajiri, ananyamaza. Hakuna anayefundishwa. Unasikia sauti ya msemaji, unajua si ndege.

Chini ya picha, aliyoiweka mmoja wa marafiki zake, watu walikuwa wameshaanza. Mmoja aliuliza kama siku hizi tunasafirisha hadi kuzimu. Mwingine akauliza nauli. Wengine walikuwa wamekasirika kwelikweli, wakisema huyo dada ametukana maiti. Nilimpigia msichana, simu ikaita bila kupokewa. Saa zile angekuwa jikoni kwa madam wake, akipika chakula cha watu na msiba wake kifuani.

Lililonijia kichwani mwanzo halikuwa yeye, wala mama yake. Lilikuwa biashara. Niliona wateja wakiondoka mmoja mmoja. Kwa hiyo nikaandika kwenye kikundi, kwa lugha ya ofisi kubwa: "Tunaomba radhi kwa familia. Msaidizi wetu alikosea. Hatua kali zimechukuliwa dhidi yake." Watu wakatulia. Baadhi wakasifu. Walinzi wakashuka na mapipa yao, tukapakia.

Nilifanya jambo moja la maana wiki ile. Nilikwenda ghalani kwa wakala mkubwa, nikawasihi wafungue rundo ambalo lilikuwa tayari kwa kontena, nikakitoa kile kiti mwenyewe. Nilikisukuma hadi dukani. Njiani watu walinipisha.

Jumapili nilikwenda kutoa pole. Walikutana kwenye nyumba ya kupanga Al Muraqqabat, chumba ambacho marafiki zake watatu wanaishi pamoja. Vitanda vilisimamishwa ukutani, mikeka ikatandikwa. Aliyekuwa anaongoza shughuli ni bibi mmoja wa Kizanzibari aliyeishi hapa maisha yake yote, ambaye huitwa kila kwenye msiba hata asipomjua marehemu. Wanaume walikuwa ukumbini. Kisomo kilikuwa kimekwisha na pilau inapakuliwa.

"Poleni na msiba," nilisema mlangoni.

"Tushapoa. Pita ndani, mwanangu," alisema bibi, akanitazama vizuri. "Ndiye weye wa mizigo?"

Nikasema ndiye mimi.

"Haya. Kaa."

Nilikaa karibu na msichana. Alikuwa amejifunga kanga kichwani, macho yamevimba, lakini alinipokea kwa mikono miwili. Nikaanza kusema pole. Mmoja wa wenye chumba, Mkenya aliyekuwa ameshika sinia, hakutaka kunipa nafasi.

"Na huyo dada wako alikulia wapi? Kwani kwao hawakufi?"

"Atakuwa amezaliwa huku huku," alisema mwingine. "Hawa wa kuzaliwa huku Kiswahili chao ni cha kuagiza chakula."

"Hata huku watu hufa," alisema bibi. "Mie nimezaliwa huku."

Wakacheka kidogo, kama watu wanavyocheka msibani, wakitazama kwanza kama mfiwa anacheka. Mfiwa hakucheka.

"Msimseme," alisema. "Yule dada mimi nimeshamsamehe. Nyinyi hamjui. Mama alipokuwa anaumwa nilikuwa namwandikia yeye. Madam akilala, mimi namwandikia. Hata siku moja hakunichoka, hata siku moja hakuniacha bila jibu. Ndugu zangu wenyewe nikiwaandikia wananijibu kesho yake." Akanigeukia. "Dada, nimesoma kwenye group kwamba umemchukulia hatua. Umemfukuza?"

Niliinamia mkeka, nikavuta uzi uliochomoza.

"Usimfukuze kwa ajili yangu. Nakuomba. Akifukuzwa watamfutia viza, atarudi kwao mikono mitupu, na mimi ndiye sababu. Mama yangu hawezi kulala vizuri kaburini na mtu amepoteza kazi kwa msiba wake." Akashika simu yake. "Nipe namba yake mwenyewe, siyo ya ofisi. Nimwambie nimesamehe. Nimempigia ile ya ofisi hapokei, nadhani anaona haya."

"Mimi nitamwambia," nilisema.

Niliyasema maneno hayo. Nilikuwa na nafasi na nilisema hivyo.

Alishukuru. Akanyanyuka, akachukua bakuli la plastiki lenye mfuniko, akalijaza pilau, akachagua nyama, akaweka na kachumbari kwenye mfuko mdogo pembeni. "Mpelekee. Mwambie ni chakula cha mama. Akila nitajua yamekwisha."

Nililipokea. Lilikuwa la moto. Niliaga, nikavaa viatu, nikatoka hadi kwenye lifti, na lifti ikafika, ikafunguka, ikajifunga bure. Nilikuwa nimesimama na bakuli la mtu ambaye hayupo. Pale nilifikiri kumlia pilau yake na kumwandikia msichana kesho, "Dada amekula, amefurahi." Nilijua hasa namna ya kuiandika. Ungekuwa uwongo wa tatu, au wa mia. Sikuwa najua tena nahesabu kuanzia wapi. Na yeye angemwandikia dada tena, na dada angemjibu.

Nikarudi. Alikuwa amenisindikiza hadi mlangoni na alikuwa bado hapo akivuta viatu vya wageni vikae sawa.

"Umesahau kitu, dada?"

"Hakuna dada wa ofisini," nilisema.

"Umeshamfukuza?"

"Hajawahi kuwapo. Ni mashine. Ni kitu kiko ndani ya simu, kinajibu chenyewe. Yale maneno ya kumfuata ni yangu, nilikifundisha mimi, kwa watu wanaopanda ndege. Kikayasema kwa mama."

Alibaki ameinama na kiatu cha mtu mkononi. Nilidhani atapiga kelele. Nilitaka apige kelele, watoke wote waje wanione.

"Mashine," alisema.

"Ndiyo."

"Kwa hiyo hakuna aliyefukuzwa."

"Hakuna."

"Alhamdulillah," alisema kwanza, na hilo ndilo lililonivunja, kwamba alianza na hilo. Kisha akakaa pale pale chini kati ya viatu. "Siku zote zile nilikuwa naongea na nani?"

Nilichuchumaa karibu naye.

"Lakini wewe ulikuwa unasoma," alisema. "Simu si yako? Ulikuwa unasoma, hata kama hujibu."

Ningetoa chochote niseme ndiyo.

"Sikusoma, mdogo wangu."

Alitingisha kichwa polepole, mara nyingi. "Na kiti? Nacho hakipo?"

"Kipo. Nimekitoa ghalani mwenyewe. Kipo ofisini."

"Ofisi ipo?"

"Meza ipo. Umeiona."

"Nimeiona," alisema. Akanitazama, na sikuona hasira, niliona uchovu wa mtu anayepanga vitu vyake upya. "Zile meseji umezifuta?"

"Zipo zote."

"Basi zisome. Nataka zisomwe na mtu, hata mmoja."

Nilimwekea bakuli mbele yake. Akalirudisha kwangu kwa ncha za vidole. "Hilo kale wewe. Yeye hali."

Niseme ya sasa kwanza, kisha nirudi siku ile. Programu bado ninayo, kwa sababu mtu bado siwezi kumwajiri. Ila sasa ujumbe wake wa kwanza unasema kwamba anayejibu ni mashine, na kwamba mwenye jambo la mtu aandike neno "mtu", nami nitamjibu nikipata nafasi. Fundi alisema nitapoteza wateja, na nimewapoteza. Neno kutangulia nimelitoa. Kwenye kikundi niliandika ukweli kwa maneno yangu mabaya mabaya, bila lugha ya ofisi, na mpishi yule aliyeuliza kuhusu ndoa ameacha kunisalimia. Kiti bado kipo kando ya meza yangu, kinamsubiri mwenyewe aseme kiende wapi. Wateja wakikosa pa kukaa nawaambia wasimame.

Siku ile sikufika mbali. Nilikaa kwenye benchi kituo cha basi, jua la alasiri likinipiga upande mmoja, bakuli mapajani, nikaanza kuzisoma. Zilikuwa nyingi kuliko nilivyodhani.

"Dada, leo mama ameshika kijiko mwenyewe." Na jibu: "Karibu sana! Vijiko na vyombo vya jikoni tunapokea, funga kwa magazeti."

"Dada, mama anauliza kiti kina rangi gani, nimemwambia cheusi, amesema cheusi kinaficha uchafu." Na jibu: "Mzigo utafika, inshallah."

"Dada, madam amekataa kunipa ruhusa ya kwenda kumwona. Nifanyeje?" Na jibu: "Tunathamini uvumilivu wako, mpendwa mteja wetu."

"Dada, ahsante kwa kunisikiliza. Mungu akuweke." Na jibu: "Nawe pia! Je, una mzigo mwingine?"

Nilipandisha hadi juu kabisa, hadi ule wa siku aliyoleta kiti. Nadhani aliuandika kwenye metro akirudi kazini, mikono yake ikiwa mitupu kwa mara ya kwanza siku ile.

"Shikamoo dada wa nyumbani. Upo?"

Nikaandika, "Nipo." Kidole kilikuwa tayari kupeleka. Nikalifuta, kwa kuwa siku ile aliyouliza sikuwapo, na nilikuwa nimeshamdanganya vya kutosha. Nikafungua bakuli, nikala pilau ya mama yake kwa mkono, pale pale hadharani, kabla haijapoa. Kisha nikajifuta, nikaandika neno moja, nikalipeleka.

"Nimesoma."